Mama wa Kilo Alianza na Mgongo

Mama wa kilo hakuanza na uso wa mtoto. Akina mama wa Dilala, mtaa wetu, waliwaandaa watoto wao tangu asubuhi, wakawapaka mafuta mpaka mashavu yakang'aa, wakawavika kofia za uzi hata wakati wa joto, kusudi tu yeye aseme, "Huyu mutoto ni muzuri!" Yeye alimpokea mtoto, akamvua, akampindua kifudifudi juu ya mkono wake wa kushoto, na kitu cha kwanza alichokisalimia kilikuwa mgongo. "Jambo, mugongo," alisema. Nilimsikia mara nyingi, na hakuwa anatania.

Kwetu Kolwezi, kilo ni ile siku ya kupima watoto wachanga. Mzani unaning'inizwa kwenye boriti, mtoto anatiwa ndani ya kitambaa kama sungura wa sokoni, analia, mshale unayumba, na benchi zima linatazama mshale. Mama wa kilo ndiye aliyeusoma. Alikuwa mkunga mwenye diploma, aliyefundishwa na masista, na jina lake lilikuwa kwenye kibao cha mlango wa dispensaire, ile zahanati yetu, lile jina jipya alilochukua wakati sote tulipoambiwa na serikali tuache majina ya ubatizo. Hakuna aliyelitumia. Wakubwa walipofika kukagua na kumwita "citoyenne", yaani mwananchi, aligeuka nyuma kuona ni nani anaitwa.

Mimi nilimjua kwanza kama jirani. Lupango yake na yetu, yaani viwanja vya nyumba zetu, zilitengwa na ua wa mabati ya mapipa yaliyopondwa, na mahali bati moja lilipolegea palikuwa mlango wetu. Mimi ni msichana wa kutosema. Hata leo mgeni akiingia, ninakwenda jikoni kuosha sahani ambazo zimekwisha kuoshwa. Watu wengine wananiuliza, "We, ulimi wako uko wapi?" Yeye hakuniuliza. Alisema peke yake, akajijibu, na mimi nikasikiliza. Ndiyo maana ninayajua mengi juu yake, na bado yale makubwa siyajui.

Baada ya mgongo, zilifuata shanga. Kwetu mtoto hakai bila uzi wa shanga kiunoni. Wazee wanasema zinamlinda, na pia ni kipimo cha nyumbani: zikianza kubana, mama anafurahi, mtoto ananenepa. Sasa uzi huo unalala palepale ambapo mama wa kilo alitaka kuona. "Pandisha shanga," aliagiza, au alizisukuma mwenyewe kwa kidole gumba. Wengine walichukia, kwa sababu kufunua kiuno cha mtoto mbele ya watu ni kumweka wazi kwa macho ya wivu. Siku moja mama mmoja muuza samaki, mwenye sauti ya kuuza samaki, alimnyang'anya mtoto wake.

"We mama, unatafuta nini ku matako ya mutoto wangu?"

"Natafuta tundu."

"Tundu! Kila mutu eko na tundu kule!"

"Ile moja inatosha," mama wa kilo alijibu. "Mi natafuta ya pili."

Benchi lilicheka mpaka watoto waliolala wakaamka. Muuza samaki naye alicheka, akamrudisha mtoto, na shanga zikapanda.

Hilo tundu la pili alimweleza mama yangu siku waliyokuwa wanachambua maharagwe uani kwetu, na mimi nilikuwepo. Ninaandika kama alivyosema, kwa Kiswahili cha kwetu, ambapo 'njo' ni ndiyo, 'fasi' ni mahali, na 'mbele' ni kabla.

"Haiko kubwa. Pengine ni kama fasi sindano ilipita. Inakaa katikati kabisa, pa mufupa wa mugongo. Pengine kuko nyuele kidogo pale, pengine doa nyekundu kama mutu alibandika kidole. Kama iko chini, mule ndani ya mukunjo wa matako, na unaona mwisho wake, uiache, batoto mingi banazaliwaka nayo, haina kitu. Lakini kama iko juu ya mukunjo, ile njo njia."

"Njia ya kwenda wapi?" mama aliuliza.

"Ya kwenda ndani. Kuko kamba inatoka mu kichwa, inashuka mu mugongo, njo inaambia miguu itembee. Ile tundu inaweza kuingia mupaka pale. Sasa mutoto anakojoa, anakunya, unamufunga kitambaa, na uchafu unapata njia yake. Siku moja unaona homa, shingo inakauka kama mbao, ukimubeba analia. Unasema ni malaria. Unamupatia kinini. Mutoto anakufwa, na hakuna mutu aliangaliaka mugongo."

Nilijikuta nikiuliza kama mtu anaweza kuingiza kijiti kupima urefu wake. Nadhani lilikuwa swali langu la kwanza kwake. Aliniangalia kama mtu aliyegundua kwamba kiti kinaweza kusema.

"Hata kijiti, hata unywele," alisema. "Ule mulango haugongwe. Unapeleka mutoto kwa munganga wa kupasua, anafunga njia yote, mbele uchafu haijapita. Mbele! Kiisha, ni kazi kubwa."

Kuangalia nyuma ya vitu ilikuwa tabia yake hata nje ya kazi. Sokoni alipindua samaki wa chumvi kabla ya kuuliza bei. Kitambaa cha kushona alikisoma upande wa ndani. Tulipomwonyesha picha ya baba akiwa na abacost yake mpya, ile suti isiyo na tai, aliishika, akaisifu kwa neno moja, akaigeuza, akachunguza karatasi ngumu iliyopigiliwa nyuma na kusema kwamba unyevu umeanza kuingia. Ilikuwa kweli. Kanisani alikaa benchi la mwisho. "Mbele utaona padri peke yake," aliniambia. "Hapa naona migongo ya bantu yote." Alijua ni nani bega lake moja limeshuka, ni nani anavaa koti juu ya jipu. Baba anaendesha mashine kubwa ya kuchimba kule mgodini, na alikuwa ameficha maumivu ya kiuno tangu mvua za kwanza. Mama wa kilo alimwona anavuka barabara tu, akapiga kelele kutoka mlangoni kwake: "Tata! Ule mugongo unalala namna gani?" Mama yangu akajua siku hiyo.

Lakini msimfanye mtakatifu. Aliwafundisha akina mama kuchemsha maji, na yeye alikunywa kwenye bomba la uani kwa kiganja, kama mbuzi. Aliwakataza kuwapa watoto sukari, na mfukoni mwa blauzi yake nyeupe alikuwa na vipande vya sukari ambavyo alivitafuna kwa sauti. Watoto wa Dilala wote aliwachoma sindano, naye alipougua mwenyewe, mama yangu na infirmier mmoja, muuguzi mwanaume, walimshika mikono, huku akilia, "Bandugu yangu, munaniua!" Alikuwa Mkatoliki, lakini aliimba katika kwaya ya Waprotestanti kwa sababu, alisema, chai yao ina maziwa. Na alikuwa mwepesi wa hasira. Mama aliyechelewa na mtoto mgonjwa alitukanwa mbele ya wote, halafu mama wa kilo mwenyewe ndiye aliyemsindikiza hadi barabarani akimbebea mwavuli. Kuomba msamaha kwa hasira yake hakuweza. Mwavuli ndio aliweza.

Nilitaka sana kujua alianzia wapi na migongo. Siku moja nilijipa moyo, nikamuuliza kupitia mwanya wa mabati. Alisema ni sista mmoja mzee aliyemfundisha, mkali sana, aliyewapiga wanafunzi kwa rula. Nikaandika hivyo kwenye daftari langu. Baadaye nikamsikia anamwambia mama yangu kwamba ni baba yake, aliyekuwa mfanyabiashara wa ng'ombe upande wa Sandoa, na ng'ombe hununuliwa kwa kutazama mgongo. Na siku nyingine, muuguzi kijana alipomuuliza mbele yangu, alijibu kwa kifupi, "Kulikuwa mutoto moja," akaondoka kwenda kuosha mikono, na alikaa muda mrefu na maji yakitiririka. Sijui ni jibu lipi la kweli. Labda yote. Muuguzi yule hakurudia swali, na mimi pia sikuthubutu.

Alikosea pia, na Dilala nzima ilijua. Mtoto wa fundi cherehani alikuwa na kishimo mgongoni, na mama wa kilo akasema ni njia. Fundi alifunga kazi, akampeleka mtoto na mke wake Lubumbashi kwa treni. Daktari wa upasuaji akaangalia, akasema kishimo kipo chini, ndani ya mkunjo, na kina mwisho, rudini nyumbani. Waliporudi, vijana wa kona ya soko walimpa jina la Mama Tundu. Waliliimba kwa mtindo wa zile nyimbo za asubuhi ambazo wafanyakazi wanachezeshwa kwa ajili ya chama tawala, na kiuno walikikata vilevile. Nilidhani ataficha uso. Alikwenda kwa fundi, akasimama mlangoni, akasema, "Mi nilikosa. Ilikuwa chini, mi niliiona juu." Fundi alimjibu kwamba afadhali safari ya bure kuliko jeneza. Hata hivyo, baada ya hapo mama wa kilo akipata shaka alimwita muuguzi mwenzake: "Kuya uangalie na macho yako. Yangu inazeeka."

Jina hilo la Mama Tundu ndilo lililotuletea shida nyumbani kwetu, wakati mdogo wangu alipozaliwa.

Alizaliwa wakati wa baridi, ile miezi ambayo vumbi la mgodi linakaa juu ya majani kama unga. Wa kwanza kumwosha alikuwa kambo, ndivyo tunavyomwita bibi, mama mzazi wa baba, anayeishi nasi. Nilikuwa ninashika taa ya chumba kwa sababu madirisha yalifunikwa, na niliona mkono wa kambo unasimama mgongoni kwa mtoto. Juu kidogo ya mkunjo, katikati kabisa, palikuwa na kitundu, na nywele chache laini zimekizunguka. Kambo hakuogopa. Alipiga vigelegele.

Inabidi nieleze. Mume wa kambo, baba wa baba, aliletwa kutoka Kasai na kampuni akiwa kijana, kufanya kazi mgodini. Jiwe lilimpiga chini ya kiuno. Kidonda kilifunga kwa juu, kikabaki na tundu moja ambalo lilitoa maji mpaka alipokufa, na kambo ndiye aliyekisafisha kila asubuhi ya maisha yao. Aliitwa Kalala. Sasa mtoto huyu alikuwa amepangwa kuitwa Kalala, na ametokea na tundu mahali palepale. Ushahidi gani zaidi unahitajika? Kambo alimkumbatia na kumwita "bwana yangu", kama bibi wote wanavyowaita wajukuu walioitwa jina la waume zao, lakini yeye hakuwa anacheza. Alimlaumu kwa mambo ya zamani. "Bwana yangu, uliniacha na madeni ya mahindi, unajua?" Mtoto alipiga miayo. "Ona, hapendi tuseme juu ya yo!"

Kila asubuhi alipaka mawese juu ya tundu lile, akaweka na pemba nyeupe, ule udongo wa baraka, kuzunguka, na akashusha shanga zifunike. Na shanga alizisuka mistari mitatu, pana kama mkanda, ili mama wa kilo asizipandishe. Mama yangu alimpeleka mtoto ku kilo siku ambazo mama wa kilo alikuwa kwenye mikutano. Hakuwa na raha, nilimwona. Lakini kambo ni mama mkwe wake, angesema nini?

Jirani hafichiki kwa mabati. Jumapili moja mama alikuwa anamwogesha Kalala katika beseni uani, shanga zimevuliwa. Bati likalia. Mama wa kilo alikuwa amekuja kuomba chumvi, kikombe mkononi. Aliinama, akamgeuza mtoto ndani ya maji, na kikombe kikaanguka.

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Na mimi niko hapa! Hapa! Natema mate inaanguka kwenu! Banamuke ya namna gani nyinyi? Munapaka mafuta ya kupika mu njia ya kifo!"

Kambo alitoka ndani. Ni mtu mfupi, lakini ua ulijaa.

"Nani anaita bwana yangu kifo?"

"Mama, ule mutoto bamupeleke Lubumbashi, bafunge ile tundu, sasa, mbele haijaoza."

"Bafunge! Unataka kumufungia mulango, arudi kule alitoka? Mutu amesafiri mupaka kwangu, na alama yake mu mukono kama tiketi, na we unataka kupasua tiketi? Enda kwa fundi cherehani, enda! Ye alikuaminiaka."

Hilo la mwisho lilimfika. Mama wa kilo aliokota kikombe, akasahau chumvi, akapita kwenye mwanya. Jioni baba aliporudi, mama alimweleza yote. Baba alikaa akitazama bukari, ugali wake, ikipoa. Alisema, "Ni mama yangu. Na ni baba yangu. Niseme nini?" Halafu akaongeza, "Na kama amekosea tena, kama ule wa fundi?" Nikaelewa kwamba baba naye anaogopa, lakini sikujua kama anaogopa zaidi tundu, kisu, au mama yake. Nadhani na yeye hakujua.

Mimi nilianza kuangalia mgongo wa Kalala kila nilipombeba. Nilijifunza kupandisha zile shanga pana bila kambo kuona. Na asubuhi moja kitambaa chake kilikuwa na unyevu juu, si mahali pa mkojo. Ulikuwa wa manjano kidogo. Nilinusa. Nilikwenda kwenye mwanya wa mabati bila kufikiri kwamba mimi ni mtu wa kutosema, na nikamweleza mama wa kilo. Aliniuliza kama ana homa. Hapana. Kama analia akibadilishwa kitambaa. Hapana. Kama anapiga miguu. Sana. Akafumba macho. "Bado," alisema. "Bado iko ku mulango."

Nilidhani atakuja kupiga kelele tena. Alikuja na maharagwe mabichi, akaketi chini karibu na kambo bila kuombwa, akaanza kuchambua. Kambo alimgeuzia bega. Mtoto alikuwa katikati yao juu ya mkeka.

"Mama," mama wa kilo alisema mwishowe, "kile kilonda cha marehemu kilikuwa fasi gani kabisa? Juu ao chini?"

Kambo alifukuza nzi juu ya mtoto.

"Sababu kama ilikuwa chini ya mufupa wa kiuno, maji inatoka nyeupe. Kama iligusa mufupa, inatoka ya manjano."

"Ya manjano," kambo alisema, bado amegeuka.

"Na bipande kidogo kidogo ya mufupa?"

Kambo alimgeukia polepole. "Nani alikuambia?"

"Hakuna. Nauliza. Ilikuwa inatoka?"

"Mara ingine. Kama muchanga. Nilikuwa nabiweka mu kikopo."

"Ehee!" Mama wa kilo alisogea. Nilimtazama vizuri, kwa sababu nilitaka kujua kama ni ujanja. Haukuwa ujanja. Alikuwa amemsahau mtoto kabisa. Macho yake yaling'aa kama ya mtu anayesimuliwa safari. Aliuliza harufu. Aliuliza kama baridi iliongeza maumivu, kama alilala kwa tumbo, ni kitambaa gani alikifunga na nani alikifua. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kambo mambo hayo. Sisi tulijua kwamba alikuwa anasafisha kidonda, basi. Kambo alisema, alisema, na mikono yake ikaonyesha hewani jinsi alivyokunja kitambaa.

"Na ye mwenyewe," mama wa kilo aliuliza, "alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa analomba bamushone." Kambo alisema hivyo kwa haraka, kama neno lililokuwa tayari mdomoni. "Kila wakati. Bamushone, bamushone. Banganga ba kampuni wakasema, ngoja ikauke kwanza. Haikukauka. Mupaka siku ya kufwa alinishika mukono, akasema, mama, ona, hawakunishona."

Mama wa kilo bado alikuwa anaendelea: "Na zile bipande ulibiweka mu kikopo, ilikuwa rangi gani?" Lakini kambo hakumsikia. Alikuwa anamtazama Kalala aliyekuwa anakula kidole cha mguu. Alimgeuza mwenyewe, akapandisha mistari yote mitatu ya shanga, akakaa akitazama.

"Bwana yangu," alisema, "kumbe ni sababu ya ile ulirudia, bakushone?"

Mtoto alipiga miguu. Kambo aliniita kwa jina na kunituma nikamwite baba kazini. Nilimwambia baba anatoka kazini saa ya king'ora. Alisema, "Basi king'ora kingoje."

Walikwenda kwa treni, baba, mama, kambo na mtoto. Kambo alijipaka pemba mikononi kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni, na alimwambia daktari wa upasuaji, baba alisimulia, kwamba safari hii asiseme ngoja ikauke. Daktari alikuta njia nyembamba kama mshipa wa jani, imeteremka mpaka kwenye ala ya ile kamba. Usaha ulikuwa kwenye mdomo wake tu. Aliitoa yote, akashona. Kuhusu miguu alisema hawezi kuahidi. Mahali alipofanyia kazi ni karibu mno na ile kamba. Tutajua siku atakapotembea.

Sasa kinachofuata ndicho ambacho sikukielewa. Waliporudi, Dilala nzima ilikuja kuona mshono. Muuza samaki alikuja. Fundi cherehani alikuja na suruali ndogo aliyoishona bure. Mama wa kilo hakuja. Tulimpelekea salamu, akajibu salamu. Mama alimpelekea kuku, akamshukuru kupitia mwanya, na bati akalirudisha. Ku kilo, zamu ya Kalala ilipofika, alimpa muuguzi mwenzake ampime, akaenda kuosha mikono. Mtu aliyesalimia migongo ya mji mzima alipita mbele ya mgongo huu akiangalia ukuta. Mama alisema ni kiburi, amekasirika kwa maneno ya kambo. Kambo alisema ni wivu. Mimi nilichungulia kwenye mwanya na kumwona ameketi kwenye kiti chake, sukari mkononi, haitafuni.

Kalala alichelewa. Wenzake walisimama, yeye alikaa. Wenzake walitembea, yeye alijikokota kwa matako uani kote, akiimba. Wakati huo ndipo mama wa kilo alipostaafu, akahamia Tenke kwa binti yake aliyeolewa na mtu wa reli. Aliaga watu wengi. Kwetu alipitisha mkono kwenye mwanya, akanishika vidole, akasema, "We unauliza vizuri. Uliza tena na bantu bengine." Nilidhani atauliza juu ya Kalala. Hakuuliza.

Mwaka huu, likizo ilipokwisha, nilipanda treni kwenda Lubumbashi kwa mjomba, kuendelea na masomo yangu, na mama alinipa Kalala nimpeleke akaonwe tena na daktari. Tenke treni inasimama muda mrefu kubadilisha kichwa. Watu wanashuka kununua, wanapiga kelele, wanapanda. Nilishuka na Kalala nimemshika mkono, na nikamwona kwenye benchi ukutani, amejifunika shali, amepungua sana. Nilimjua mara moja. Yeye alinitazama muda.

"We ni wa Dilala," alisema. "Ule wa mabati."

"Ndiyo, mama."

Macho yake yakashuka kwa mtoto, yakasimama magotini, yakarudi kwangu. Hakuuliza huyu ni nani. Niliona midomo yake inatafuta neno lingine. Mwisho akatoa sarafu ndani ya kitambaa, akampa Kalala. Kule mwisho kabisa wa kituo, karibu na tangi la maji, alikaa mwanamke anauza karanga za kukaanga, mikalanga ya kwetu.

"Enda uninunulie mikalanga, bwana," alimwambia.

"Mama, niende mimi, ni mbali," nilisema.

"Hapana. Ye."

Kalala akaenda. Ana mwendo wake, mguu wa kushoto unapiga chini kidogo kuliko wa kulia, lakini sisi tumeshauzoea, hatuuoni tena. Yeye aliuona. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili na kuinama mbele. Kalala alipita kati ya magunia, akaruka kamba, akafika, akanyoosha mkono, akapewa, akageuka. Alirudi akila baadhi njiani. Alipofika, alimpa mama wa kilo kifurushi, naye akakipokea bila kukitazama. Mashavu yake yalikuwa yamelowa na hakuyafuta. Niliona kwamba haikuwa kiburi wala wivu, ilikuwa woga.

Kichwa cha treni kilipiga honi. Watu walianza kukimbilia milango.

"Mama, tunaachwa," nilisema.

Alifunua kiganja cha Kalala, akaweka ndani sarafu nyingine.

"Umutume tena," aliniambia. "Na sasa akimbie."

Nikamwambia Kalala akimbie, na akakimbia.